Nyuso za Bluu kwenye Runinga ya Irja

Kajaani, 8 Desemba

Kaka Reijo,

Salamu utazikuta mwisho, kama zitabaki. Kwanza nijibu: mwezi wa sita wewe uliifanya nini runinga yangu?

Juzi tarehe sita, Siku ya Uhuru, niliwaalika Raili na Terttu kama kila mwaka, tukae tuwaangalie wageni wakiingia ikulu, tuseme nani kavaa na nani kajifunika tu. Mishumaa miwili dirishani, kahawa tayari, keki nimeioka mwenyewe. Nikawasha. Kaka, wageni wote walikuwa bluu! Mabwana bluu, wake zao bluu, kama watu walioopolewa ziwani. Weupe wa mashati unachoma macho, na suti nyeusi zimekuwa majivu. Halafu kila baada ya dakika kumi skrini inazima yenyewe, giza totoro, kisha inarudi na zile herufi zake za HDR pembeni, eti ndiyo picha ya mwanga mpana, kana kwamba haijafanya kosa lolote. Terttu akasema, "Irja, runinga yako inasikia baridi, ivalishe sweta." Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nikacheka nao, ila moyoni nilikuwa naungua.

Tangu Juni sikuiwasha zaidi ya mara mbili tatu. Bustani unaijua, na habari huwa naangalia kwenye ile ndogo ya jikoni. Mtu wa mwisho kuishika rimoti kwa muda mrefu ni wewe. Wala sijasahau ulivyonuna niliponunua hiki kisanduku cha filamu za intaneti bila kukuuliza. "Takataka," ulisema. Kisha ukajitia wema, "Lete nikuwekee," ukakaa mbele yake saa nzima. Sasa najiuliza: ulikuwa unaweka au unaharibu, ili nikirudishe dukani nije nikupigie magoti? Kikulacho ki nguoni mwako.

Simu yako inalia mpaka inachoka, ndiyo maana naandika.

Salamu zimeisha.

Mdogo wako,
Irja


Korpivaara, Alhamisi 14 Desemba

Irja,

Barua yako imefika, ina ukali kuliko haradali ya Krismasi.

Nimetengeneza runinga za wilaya hii miaka arobaini na moja. Nimetengeneza ya kasisi, ya polisi, na ya yule mlevi wa kinu cha mbao aliyeipiga teke ya kwake tulipofungwa kwenye hoki. Hakuna hata mmoja aliyeniita mharibifu. Imebidi nizeeke nilisikie kutoka kwa dada yangu wa tumbo moja.

Mimi nina swali moja: Jarkko alikuja lini? Huyo mkwe wako hawezi kuiona rimoti akaiacha kwa amani. Si ndiye aliyekutengenezea saa ya ukutani ikafa kabisa?

Basi fanya ninavyokuambia, na usimwite mtu. Skrini kuzimazima ni kebo. Picha ya mwanga mpana ina mzigo mkubwa, kebo ya zamani inachoka nao njiani. Ile iliyokuja na kisanduku najua uliitia kwenye droo kwa sababu ni fupi. Itoe, uichomeke, sogeza kisanduku. Ukimaliza, ingia kwenye mipangilio ya runinga ukaliruhusu tundu hilo hilo la kebo kupokea mwanga mpana, maana kila tundu lina ruhusa yake, na kama umebadilisha tundu ruhusa haikufuati. Halafu nenda kwenye kisanduku chenyewe, penye mambo ya picha. Nina hakika utakuta kimeambiwa kitoe mwanga mpana wakati wote. Hapana! Kiambie kifuate filamu. Yenye mwanga mpana ipewe, ya kawaida ibaki ya kawaida. Ukiivalisha picha ya kawaida nguo isiyo yake inapwaya, na ndipo weusi unapogeuka majivu.

Ukimaliza, niombe radhi. Simu siipokei kwa sababu ya wauzaji.

Kaka yako,
Reijo


Kajaani, 18 Desemba

Kaka,

Radhi nakupa nusu. Kebo nimebadilisha, tundu nimeliruhusu, kisanduku nimekiambia kifuate filamu, na kweli kilikuwa kimelazimishwa. Skrini haizimi tena. Weusi ni weusi.

Lakini nyuso bado ni bluu, Reijo.

Kwa hiyo nikaingia mwenyewe kwenye rangi. Ule mstari wa baridi na joto umesukumwa kwenye baridi mpaka ukagota mwisho. Rangi mia kwa mia. Mwanga mia kwa mia. Hakuna mstari uliobaki katikati. Jarkko hajakanyaga hapa tangu Pasaka. Nimemuuliza, na binti yangu, mke wake, nimemuuliza mbali, kila mmoja bila mwenzake kujua, na majibu yao yanalingana. Basi ni wewe. Na fundi wa miaka arobaini na moja hafanyi hivyo kwa bahati mbaya.

Sijagusa kitu. Nimeiacha hivyo hivyo iwe ushahidi. Usiku naangalia filamu za maiti.

Na jambo lingine. Ile barua kaandika nani? Wewe unaandika kama kuku aliyepita kwenye theluji. Huu mwandiko umenyooka, una mikia, una nukta mahali pake. Nani anakaa jikoni kwako, Kaka?

Krismasi njoo. Nitaweka sahani yako.

Irja


Korpivaara, Alhamisi 28 Desemba

Irja,

Najua uliweka sahani. Betri ya gari imekufa, ndiyo sababu sikuja.

Kuhusu mistari, tumia akili. Nilikuwa kwako Juni. Saa nne usiku jua lilikuwa bado linaingia dirishani kwako kama mgeni asiyejua kuaga. Skrini ilikuwa inashindana nalo, nami nikaipa nguvu. Sasa ni Desemba, saa nane mchana ni giza, lazima ikuchome. Kila fundi analijua hilo.

Mkono niliutegua nikipasua kuni. Rafiki ananiandikia. Ni dhambi kuwa na rafiki?

Usiirudishe mistari. Ukigusa utavuruga. Barafu ikiisha barabarani nitakuja mwenyewe.

Reijo


Kajaani, 3 Januari

Kaka Reijo,

Njia ya mwongo ni fupi, na yako imeishia uani kwa jirani yako Oiva. Nilimpigia simu kumtakia mwaka mpya. Anasema mkono wako mzima kabisa, unabeba kuni mikono yote miwili. Anasema gari lako limefunikwa na theluji tangu ile ya kwanza, mpaka kwenye vioo, na hakuna hata alama ya kiatu kwenda mlangoni mwake. Betri utajuaje imekufa kama hujaufungua mlango?

Na mwanga wa Juni nimeukubali. Mwanga, sawa. Bluu je? Tangu lini jua la Juni likaondolewa kwa bluu?

Nimechukua kalenda. Barua zako ni za tarehe kumi na nne na ishirini na nane. Zote Alhamisi, wiki mbili kamili. Oiva anasema kila Alhamisi ya pili unavaa koti safi, unatembea hadi barabarani, na baada ya nusu saa unarudi umebeba mfuko. Anaitwa nani? Ni mjane? Ana watoto? Nyumba ya mama unayokaa ina majina mawili kwenye karatasi, Reijo, na moja ni langu. Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Humu nimeweka picha niliyoipiga mbele ya skrini. Ni bibi mmoja na bwana wake wamesimama ngazini. Nataka tumalize ubishi. Niambie tu nyuso zao ni za rangi gani. Kwa mtu wa kazi yako hilo ni jambo la sekunde moja.

Nasubiri. Na huyo anayeandika, mwambie namsalimu.

Irja


Kwenye gari la vitabu, Alhamisi 11 Januari

Bi Irja,

Salamu nimezipokea. Mimi ndiye huyo mwanamke.

Naitwa Mervi Haapala, naendesha gari la vitabu la manispaa, maktaba inayotembea. Huku kwa kaka yako nasimama kila Alhamisi ya pili, pale penye jukwaa la zamani la kuwekea madumu ya maziwa, kuanzia saa saba na robo kwa dakika ishirini na tano. Nina mume, nina mbwa wawili, na nyumba ya mama yenu siitaki; nimeshaambiwa paa linavuja. Mfuko ambao Bwana Oiva anauhesabu una vitabu vya kusikiliza. Mwambie akitaka kujua zaidi aje akate kadi, ni bure.

Barua zako namsomea mimi, na zake naziandika anavyozisema. Ile ya mkono kuteguka nilimwambia hutaiamini. Ya wateja wangu sisemi, ndivyo tulivyofundishwa, na hata tusingefundishwa nisingesema. Lakini kuitwa mwizi wa nyumba nikiwa ndani ya gari langu mwenyewe, hapana, hilo nimeomba nijibu.

Picha yako nimempa mkononi. Ameisogeza dirishani, ameiinua, ameigeuza. Jibu lake naliandika hapa neno kwa neno:

"Nyuso ni nyuso, Irja. Rangi ya watu. Mashavu yana damu kidogo, bibi pengine alikunywa mvinyo. Picha ni safi kabisa, sioni unalalamikia nini."

Hayo ndiyo maneno yake. Mimi nilichokiona kwenye picha sikuulizwa.

Kwa heshima,
Mervi H.


Kajaani, 13 Januari

Reijo, kaka yangu,

Mervi, nisamehe. Na tafadhali msomee barua hii mpaka mwisho, hata pale atakapokuambia inatosha.

Kaka, ile picha nimewaonyesha Raili, Terttu, mkwe wangu, binti yangu na yule mama anayeuza samaki sokoni. Wote wamesema bluu kabla sijamaliza kuuliza. Yule wa samaki aliuliza wamekufa lini. Wewe peke yako umeona mashavu yenye damu.

Jana jioni nilikaa mbele ya runinga na rimoti. Nikaurudisha mstari wa baridi hadi katikati, kisha nikausogeza upande wa joto kidogo. Rangi nikaipunguza nusu. Mwanga nikaushusha. Nyuso zikawa za watu, papo hapo, mpaka nikaona aibu kwa wiki zote nilizokaa na maiti kwa kiburi tu. Ndipo nikaelewa. Hukuharibu kitu. Ulikaa saa nzima ukaniwekea picha nzuri kabisa, nzuri kwa macho yako. Ulisukuma bluu mpaka mwisho kwa sababu kwako haifiki. Ulisukuma mwanga kwa sababu kwako ni giza.

Kwetu mtu hamwulizi mwenzake habari za mwili wake. Baba alikaa na jino bovu misimu miwili ya baridi, na sisi wote tulikuwa tunamkatia nyama vipande vidogo bila kusema neno. Najua tulivyolelewa. Basi nisikuulize kama ndugu. Nakuuliza kama mteja aliyewekewa runinga na fundi, ana haki ya kujua.

Unaona nini, Reijo?

Irja


Korpivaara, Alhamisi 25 Januari

Irja,

Mervi anaandika na kuvuta kamasi, anasema ni mafua. Nilimwambia inatosha mara mbili, akaendelea kusoma.

Naona kama mtu anayetazama kupitia karatasi ya kuokea iliyokwisha tumika. Mchana ni kahawia. Jioni ni kahawia zaidi. Taa ina manyoya. Mtu akisimama mlangoni namjua kwa sauti, au kwa viatu. Oiva namjua kwa kikohozi. Ilianza miaka mitatu iliyopita, polepole, nikasema ni uchovu, nikasema ni miwani, nikanunua taa kubwa. Kazi ya rangi nilikuwa naifanya kwa kumbukumbu. Kwako niliifanya kwa macho, maana kisanduku chako kipya sikukijua, na nilifurahi sana, Irja. Nilijua moyoni kwamba nimekuwekea picha nzuri.

Sasa nikuambie ambalo hata Mervi hajalisikia. Andika tu, Mervi.

Siku ile nikirudi kutoka kwako, baada ya daraja, nilisikia mtu anapiga kelele. Sikumwona. Nilisikia kelele, kisha kitu kikagonga kioo cha pembeni. Nikasimama. Mwanamke alikuwa amekaa kwenye majani kando ya barabara, baiskeli juu yake. Kioo kilikuwa kimempiga kiwiko. Hakuvunjika, alisimama, alitembea, nilimwona akitembea, au niseme niliona njano ya fulana yake ikisogea. Akaniuliza, "Mzee, huoni?" Nikamwambia jua lilinipiga machoni.

Jua lilikuwa mgongoni kwangu, Irja.

Nilikwenda mpaka nyumbani kwa mwendo wa mtu anayetembea, kichwa nje ya dirisha, nasikiliza. Tangu siku hiyo sijaendesha. Oiva ananiletea chakula, nimemwambia natunza mafuta ya gari. Usiku naisikia ile kelele. Najiuliza angekuwa mtoto, asiye na sauti kubwa namna ile, ingekuwaje.

Na bado sikwenda kwa daktari. Utaniona mwendawazimu. Lakini daktari ataandika, leseni itaondoka, na wakishajua kwamba mzee anakaa peke yake kilomita thelathini na nane kutoka dukani, haoni, hana gari, watakuja wale wa ustawi wenye sauti laini na karatasi zao, wanihamishie mjini kwenye chumba chenye kengele ukutani. Maadamu hakuna anayejua, mimi bado ni mtu mwenye gari na nyumba, gari halijatoka tu. Hiyo ndiyo iliyokuwa hesabu yangu. Ukisema ni ya kipumbavu sitabisha.

Sasa nami nina swali, na mimi sikuulizi kama fundi. Nilikaa kwako siku nzima ile. Tulikunywa kahawa mara mbili. Ulikaa mbele yangu, mezani. Kweli hukuona chochote?

Reijo


Kajaani, 27 Januari

Kaka,

Kwanza ya kufanya, maana nikianza na mengine sitafika.

Nimepiga simu kliniki ya macho. Muuguzi amesema ulivyoeleza ule ukahawia, na bluu kutofika, inafanana na mtoto wa jicho. Hilo wanaliondoa kwa muda mfupi kuliko kuoka keki, jicho moja kisha la pili, na wengi wanarudi kuona. Amesema pia inaweza kuwa kitu kingine kisichotengenezeka, hawezi kuahidi kwa simu. Nami sikuahidi. Jumatatu itakayofuata Alhamisi ya Mervi, saa tatu asubuhi, tutakuwa mlangoni kwako, Jarkko ndiye anayeendesha. Atakaa mbele, atanyamaza, nimeshamwambia. Leseni utaitoa mezani kwa daktari wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Ikirudi, vizuri. Isiporudi, nyumba ina majina mawili, na wenye sauti laini watanikuta mimi nimekaa sebuleni. Paa tutalitazama.

Sasa swali lako.

Niliona.

Niliona tangu ulipofika. Ulilisalimia koti langu la mvua lililotundikwa mlangoni, ukaliambia, "Umekonda, Irja." Mimi nilikuwa jikoni. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikatokea upande ule wa koti nikicheka, kama vile nilikuwa pale. Kahawa ya kwanza uliimimina kando ya kikombe, ukaendelea kumimina mpaka ikafika ukingo wa meza, nikaifuta na kitambaa kabla haijakugusa, nikaanza kuongea kwa sauti kubwa kuhusu viazi vyangu ili usisikie nafuta. Ya pili niliimimina mimi. Ulipokaa mbele ya runinga pua imegusa kioo, nilijiambia ndivyo mafundi wanavyokaa. Mtu mzima, nikasema, ni mambo yake, akitaka kusema atasema. Nikajisifu kwamba nina adabu.

Tangu Desemba nimekuwa nakushuku wewe, nimemshuku Jarkko, nimemshuku Mervi wa watu, nimemweka Oiva dirishani kama askari. Nilitaka sana awepo mtu aliyefanya ubaya. Nilipoituma ile picha nilikuwa nimeshajua jibu lako, nikakuacha ulitamke mbele ya mgeni kwa sababu nilikuwa naogopa kulitamka mimi.

Na jioni ile ulipotaka kuondoka, ulizitafuta funguo za gari. Ulipapasa meza yote. Zilikuwa hapo, mbele yako, juu ya gazeti. Mimi ndiye niliyeziokota nikakuwekea kiganjani, nikasimama uani mpaka gari likapotea.

Mdogo wako,
Irja